Saluni: Hela Mnagawana, Hatari Ni Yako Peke Yako

Panda ghorofa yoyote ya biashara katikati ya Nairobi, hukosi saluni. Chumba kidogo, viti vitatu, dirisha halifunguki. Pasi ikipita juu ya dawa ya kunyoosha nywele, moshi unajaa. Mteja anauvuta siku moja, anaenda zake. Msusi anauvuta wiki nzima.

Huo moshi si wa kuchezea. Baadhi ya dawa hizo hutoa fomaldehaidi zikipashwa moto, kemikali ambayo tangu 2004 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wanaitambua kuwa chanzo cha saratani.

Sasa ukiugua, ama mteja wa masaji akuumize, nani analipa? Sheria ya fidia ya majeraha kazini ya 2007 inamtaka mwajiri awakatie wafanyakazi bima. Lakini mwenye saluni atakuuliza: "Kwani nimekuajiri? Si unakodi tu kiti?" Asilimia yake anachukua kila jioni, hasara anakuachia wewe.

Ila hapo hajamaliza. Sheria ya usalama na afya kazini, pia ya 2007, inahusu kila mahali mtu anafanya kazi, hata kwa muda. Haikuulizi kama uko na kandarasi. Kwa hivyo hewa safi si hisani.

Kabla uchukue kiti, uliza: dirisha linafunguka? Glavu ziko? Nikiwa na mteja wa masaji usiku, nani atakuwa mlangoni? Na msiulize mmoja mmoja. Mkiwa wanne, ni ngumu kuwafuta wote.