Mtu Aliyekataa Kushuka

Wako watu wanaodhani ya kuwa Mkristo mwema ni yule asemaye "Ndiyo" kwa kila amwitaye. Akiitwa kuimba, yumo. Akiitwa kucheza mpira, yumo. Akiitwa kwenda kutembea, yumo. Jioni masomo yake hayajaguswa, kuni za mama hazijaletwa, na sala zake amezisema huku akisinzia. Watu humsifu kuwa ni mwenzi mwema. Mimi naona sifa hiyo haimfai. Wahenga walisema, Mshika mbili moja humponyoka. Na huyu ameshika kumi. Kujua la kutanguliza na kukataa lisilofaa ni sehemu ya imani, na Nehemia atufundisha jambo hili vizuri.

Nehemia alikuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta wa Uajemi. Akiwa katika mji wa Shushani alipata habari ya kuwa ukuta wa Yerusalemu umebomoka, na malango yake yameteketezwa kwa moto. Hakuondoka siku ile. Alilia, akafunga, akaomba, na miezi ipatayo minne ikapita kabla hajamweleza mfalme haja yake. Hayo yalikuwa yapata mwaka 445 kabla ya Kristo. Alipofika Yerusalemu alikaa siku tatu, kisha akatoka usiku pamoja na watu wachache, akaukagua ukuta. Basi angalieni: kabla mtu ye yote hajamvuta huku na huku, alikwisha kuijua kazi yake. Asiyeijua kazi yake hana sababu ya kukataa lo lote. Kila apitaye atamchukua.

Kazi ikaanza. Kila jamaa walishika fungu lao la ukuta: makuhani, mafundi wa dhahabu na wafanya biashara, hata binti za Shalumu wakajenga pamoja na baba yao. Ukuta ulipokwisha kuzibwa, ikabaki kutia milango tu, adui zake Sanbalati na Geshemu walimpelekea wajumbe ili wakutane naye katika bonde la Ono. Wito ulikuwa wa upole, kana kwamba wataka mapatano, lakini Nehemia alijua ya kuwa wamekusudia kumdhuru. Tena Ono ilikuwa mbali, upande wa pwani, mwendo wa siku nzima au zaidi kwa miguu. Akawajibu kwa ufupi kwamba anafanya kazi kubwa, naye hawezi kuiacha isimame ili ashuke kwao.

Walimwita mara nne, naye akajibu mara nne neno lile lile. Mara ya tano wakaleta barua iliyo wazi, yenye kumsingizia ya kuwa ataka kujifanya mfalme. Akaukana uongo ule, akamwomba Mungu amtie nguvu, akaendelea. Ukuta ukatimia kwa siku 52. Hesabuni ninyi wenyewe: siku ya kwenda, siku ya kukaa, siku ya kurudi, mara nne, siku 12 zingalipotea kwa maneno matupu, kama angalirudi salama. Kukataa mara moja si vigumu. Lakini wenzako watakuita mara ya pili na ya tatu, kisha watakucheka na kukusingizia kiburi. Hapo ndipo imani ijaribiwapo.

Labda mmoja wenu atauliza: "Je, huo si uchoyo? Hatukufundishwa kusaidiana?" Swali hili ni jema, maana wavivu na wachoyo nao hupenda kusema, "Nina kazi." Jibu lake limo katika habari hiyo hiyo. Katika siku zile zile maskini walimlilia Nehemia kwamba wameweka rehani mashamba yao, na watoto wao wanatiwa utumwani kwa ajili ya deni. Hakuwaambia, "Niacheni, nina ukuta." Alikasirika, akaita mkutano mkubwa, akawataka wakuu warudishe mashamba, mizabibu na nyumba, pamoja na riba waliyotoza. Mtu yule aliyekataa kwenda Ono hakukataa kusikia kilio. Ukuta ulijengwa kwa ajili ya watu. Kuwaacha watu waangamie ndani yake ni kujenga bure. Huko Ono hapakuwa na mtu wa kuokolewa, bali palikuwa na kazi ya kuharibiwa.

Hicho ndicho kipimo chetu. Mgonjwa akiita, acha kitabu ukamchotee maji. Hujapoteza kitu, maana umejifunza ili uwafae watu. Mzee akikutuma, nenda, maana utii nao ni kazi uliyopewa. Lakini mwenzako akikuita ili tu asiwe peke yake katika uvivu wake, huko ni Ono, hata akikuita kwa jina tamu.

Na utakapokataa, kataa kwa adabu. Katika majibu yale Nehemia hakutukana. Alitaja kazi yake, basi. Nawe usiseme "Sitaki" kwa ukali, wala usitunge uongo kwamba unaumwa. Sema, "Niwie radhi, ndugu yangu, sijamaliza kazi niliyopewa." Mwenye urafiki wa kweli atangoja, na pengine atakusaidia umalize.

Kila asubuhi, kabla ya kutoka nyumbani, mwombe Mungu akuonyeshe kazi ya siku ile, kisha itaje moyoni mwako kwa jina lake. Wakuitao hawatakosekana, lakini watakukuta umekwisha kuitwa.