TAHARIRI: TUSISEME MASIKA YAMEKWISHA



Juma hili jua limewaka siku tatu mfululizo, na tayari maneno yamezagaa dukani na kisimani: eti masika yamekwisha, kusi imeingia, kila mtu akate ufuta wake auanike alale usingizi. Kukata ufuta ni sawa, maana shambani maganda ya chini yameshaanza kuwa ya njano, na ukichelewa yatapasuka mbegu zimwagike chini. Lakini kulala usingizi siyo sawa. Leo tunasema juu ya jambo hilo.

Mwezi wa Mei ni mwezi wa mpakani. Jua limekwenda kaskazini, na ukanda wa mvua unalifuata nyuma. Upepo wa kusi ndio unaoshika zamu. Lakini mvua haina desturi ya kuaga. Huondoka ikarudi, ikaondoka tena. Na hiyo kusi tunayoisifu inatoka baharini na unyevu wake, ndiyo sababu sisi watu wa pwani ya Kilwa hunyeshewa usiku wa manane au alfajiri hata wenzetu wa bara wakiwa wameshakauka.

Hatuna haja ya kutafuta ushahidi mbali. Kimbunga Hidaya kilitujia tarehe 4 Mei 2024, wakati wengi wetu tulikuwa tunahesabu kwamba masika yanakaribia kuisha. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetangaza siku kadhaa kabla. Kimbunga chenyewe kilipofika upande wa Mafia kikapoteza nguvu, watu wakashusha pumzi, wakasema yamepita. Hayakupita. Mvua iliendelea, mafuriko yakaja, barabara ya kwenda Dar es Salaam ikakatika upande wa Somanga, na magari yakalala njiani. Wazee wa Lindi nao wana habari ya kimbunga cha Aprili 1952. Kwa hiyo mambo haya si mageni pwani hii. Mgeni ni yule anayesahau.

Sasa tuseme kosa letu wenyewe, maana gazeti hili si la kusema makosa ya wengine tu. Msimu wa 2025, jioni moja, radio ilisema kuna angalizo la mvua kubwa kwa maeneo machache ya mkoa wa Lindi. Sisi viongozi tulisikia. Tuliandika hata kwenye kipande cha karatasi. Lakini tukasema moyoni, "maeneo machache" hayo labda ni Liwale, na karatasi ikalala mfukoni. Usiku ule mvua ikatuchapa. Magunia 11 ya wanachama yaliyokuwa barazani kwa ghala, chini sakafuni bila chaga, yakanywa maji. Ufuta ukawa mweusi, mwingine ukaota, na siku ya kupima ubora ukakataliwa. Waliopata hasara ni wanachama waliokuwa wamelima kwa jembe la mkono, na mmoja wao alikuwa amekwisha kuahidi shuleni kwamba fedha ya mtoto inatoka kwenye ufuta huo. Kosa lile lilikuwa letu. Hatutaki lirudiwe, na ndiyo maana tunaandika.

Basi tujifunze kusoma utabiri. Sisi tuliojua herufi ukubwani, katika darasa la watu wazima, tunajua kwamba maneno yakishaeleweka hayatishi tena. Mamlaka hutoa kila siku mtazamo wa siku tano kuhusu hali mbaya ya hewa, mkoa kwa mkoa. Kuna ngazi tatu. Rangi ya njano ni angalizo: fungua macho, jitayarishe. Rangi ya machungwa ni tahadhari: chukua hatua. Rangi nyekundu ni tahadhari kubwa: okoa maisha kwanza, mali baadaye. Wakisema "maeneo machache", maana yake si kwamba wewe umesamehewa. Maana yake hakuna ajuaye ni shamba la nani, nawe umo katika kura hiyo.

Wakisema mvua kubwa, wanasema mvua inayozidi milimita 50 kwa saa 24. Wengine hucheka: milimita hamsini ni kitu gani, si urefu wa kidole tu? Tupige hesabu. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji katika kila mita moja ya mraba. Paa la ghala letu ni mita 12 kwa mita 8, yaani mita za mraba 96. Zidisha kwa 50 utapata lita 4,800. Hayo ni mapipa 24 ya lita 200, yanamwagwa ukutani kwetu kwa siku moja. Na mfereji wa nyuma ya ghala umejaa mchanga tangu mwaka jana. Maji hayo yataelekea wapi kama si ndani?

Ndugu zetu wavuvi nao wasikilize. Wakitangaza upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, mtumbwi ubaki ufukoni. Samaki wa kesho wapo, baba wa watoto hana wa akiba.

Wapo wanaosema, "Hawa watabiri waongo, juzi walisema mvua, hatukuona hata tone." Tunawauliza: mlinzi wa ghala akikesha usiku kucha na mwizi asije, asubuhi mnamwita mwongo? Mnamshukuru, na usiku mnamwambia akeshe tena. Wala hatuwadharau wazee wetu wanaosoma mawingu na upepo. Lakini jicho la mzee linaishia pale bahari inapokutana na mbingu, na kimbunga huanza ng'ambo ya hapo. Tutumie yote mawili.

Hatua tunazotakiwa kuchukua ni hizi. Kila jioni baada ya taarifa ya habari, utabiri utaandikwa kwa kalamu nyekundu katika karatasi iliyo chini ya tahariri hii, na mabalozi wataupeleka nyumba kwa nyumba kwa wasioweza kufika. Matita ya ufuta yasimamishwe juu ya turubai, yafunikwe jua likizama, na asubuhi yafunuliwe yapate hewa, maana ufuta uliofungiwa mvuke huoza hata bila mvua. Asiye na turubai aseme mapema, asione haya. Jirani mwenye nafasi amsaidie. Gunia lolote lisiwekwe sakafuni, yote yapande juu ya chaga na yakae mbali na ukuta. Na Jumamosi saa 12 asubuhi tukutane ghalani na majembe, tuzibue mfereji ule. Viongozi watatangulia. Atakayemkosa kiongozi yeyote siku hiyo amwulize hadharani.

Ufuta ule ni jasho la miezi mingi. Kuupoteza kwa usiku mmoja, na habari tulikuwa nayo mkononi, ni aibu kubwa kuliko hasara yenyewe. Mvua hatuwezi kuizuia. Uzembe tunaweza.

Kazi kwetu.

Katibu wa Tawi, kwa niaba ya kamati ya gazeti la ukutani