Nani Kasema Chesi ni ya Wazungu?

Kilosa mjini vijana wanaocheza drafti kwa vizibo vya soda ukiwatajia sataranji watakucheka. "Hicho Kiswahili cha BAKITA, mzee. Jina lake chesi, mchezo wa Wazungu." Nimelisikia hilo hadi kwa watu waliosoma, na ni uzushi mtupu. BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, iliundwa 1967. Neno sataranji limo katika kamusi ya Frederick Johnson ya 1939.

Hebu tuwasikilize Wazungu wenyewe, tena wale wa kaskazini kabisa. Uswidi wanasema schack, Norwei sjakk, Denmaki skak, Finland shakki, Iceland skák. Yote hayo, na hilo chess la Mwingereza pia, asili yake ni shah, mfalme wa Kiajemi. Sisi tunaye huyo huyo: shaha. Hata bingwa wa ushairi tulimpa cheo hicho, akawa shaha wa malenga. Sataranji nayo ilitoka Bara Hindi ikiitwa chaturanga, Waajemi wakaipokea, Waarabu wakaiita shatranj, ikashuka pwani yetu bila kupitia London.

Watu wa Iceland wana wivu na lugha yao kuliko sisi. Kompyuta waliikatalia jina la kigeni, wakaiita tölva. Skák hawakuigusa, na 1972 Fischer na Spassky walipogombea ubingwa wa dunia Reykjavík, hakuna aliyeona wenyeji wamejivika joho la Waajemi. Magnus Carlsen wa Norwei alishika ubingwa huo 2013 hadi 2023. Kukopa jina hakukumpunguzia kitu.

Kwenye kete ndiko tunakojidhalilisha zaidi. Chaturanga maana yake ni vikosi vinne: askari wa miguu, farasi, magari ya vita na tembo. Huyo tembo alipofika kwenye baridi alikosa wa kumtambua. Iceland wakamfanya askofu, biskup. Waswidi wakamwita löpare, mkimbiaji. Siwalaumu, wangemwona wapi? Ila mtu wa Mikumi, ambaye basi lake la Morogoro hupunguza mwendo tembo wakivuka lami ndani ya hifadhi, naye anasema askofu, kwa kuwa ndivyo alivyosema Mwingereza! Anayefundisha watoto mchezo huu Mikumi aanze na kete hiyo, aiite tembo. Hatahitaji kuwachorea picha.