Mgeni njoo, mwenyeji apone

Tafakari yetu ya leo inatoka Matendo ya Mitume 28:1-10, habari ya watu walioharibikiwa safarini wakajikuta ugenini. Ukipata nafasi, fungua Biblia yako uisome taratibu.

Kama umewahi kusafiri kwa ndege, au mwanao amesafiri, unajua safari inavyoweza kugeuka. Ndege inachelewa kuondoka KIA. Unafika Addis Ababa au Doha, unakuta ndege uliyopaswa kuunganisha imeshaondoka. Begi halijulikani lilipo, simu imeisha chaji, na shilingi ulizonazo mfukoni hakuna duka linalozipokea. Saa hiyo cheo cha nyumbani hakikusaidii. Mwalimu mkuu na mzee wa kanisa wanakaa benchi moja, wanamtazama kila anayepita, wakiomba moyoni apatikane mmoja wa kuwauliza, "Una shida gani?"

Paulo alifika mahali kama hapo kwa njia ya bahari. Melini walikuwamo watu 276: askari, mabaharia na wafungwa, naye alikuwa mmoja wa wafungwa. Baada ya siku 14 za dhoruba meli ilivunjika, wakafika ufukweni Malta wamelowa. Luka anawaita wenyeji wa kisiwa kile kwa neno ambalo Wagiriki waliwaitia watu wasiojua lugha yao, neno lenye dharau ndani yake. Lakini hao hao waliodharauliwa ndio anaowasifu kwa wema mkubwa. Walifanya nini? Waliwasha moto, kwa sababu mvua ilinyesha na kulikuwa na baridi. Hawakuwasha moto wa askari na mwingine wa wafungwa. Wote walikaribishwa kwenye moto mmoja.

Yapo mambo kama hayo katika siku zetu. Septemba 11, 2001, Marekani iliposhambuliwa na kufunga anga yake, ndege 38 za abiria ziliamriwa kutua Gander, mji mdogo katika kisiwa cha Newfoundland, Canada. Mji wenye watu wapatao 10,000 ulipokea wageni zaidi ya 6,500. Mizigo mikubwa ilibaki ndani ya ndege, watu wakashuka na walichovaa. Madereva wa mabasi ya shule waliokuwa kwenye mgomo waliuweka kando wakaenda kuwabeba. Shule, kumbi na makanisa yaligeuka malazi. Wenyeji walileta mablanketi na chakula, na wengine wakawachukua wageni majumbani kwao wakaoge. Si wote waliolala makanisani walikuwa Wakristo.

Na sisi, ndugu msomaji, tumekula wema wa wageni. Jumamosi ya Mei 6, 2017, basi la Shule ya Msingi Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni Rhotia, wilayani Karatu, jirani zetu wa Mbulu. Walifariki wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Wageni kutoka Marekani waliokuwa safarini katika barabara ile walisimama, wakashuka kuwahudumia majeruhi. Wangeweza kusema, "Sisi tumekuja kutembea, wenye nchi wapo." Watoto watatu walionusurika walipandishwa ndege KIA wiki moja baadaye, wakapelekwa kutibiwa Sioux City, jimbo la Iowa. Walirudi Agosti, baada ya miezi mitatu, muda uleule ambao Paulo alikaa Malta. Watu ambao hawakuwa ndugu zao ndio waliowauguza. Ukitazama na hospitali yetu ya Haydom, ilianza mwaka 1955 kwa mikono ya wamisionari kutoka Norway. Sisi ni wadeni.

Wala tusiseme deni hili halilipiki kwa sababu ya umaskini. Jumapili ya Novemba 6, 2022, ndege yenye watu 43 ilianguka ndani ya Ziwa Victoria, karibu kabisa na uwanja wa Bukoba. Wa kwanza kufika walikuwa wavuvi, na walichokuwa nacho ni mitumbwi na makasia. Watu 19 walifariki, lakini 24 walitoka hai. Wavuvi wale hawakungoja wapewe vifaa.

Sasa turudi Tumati. Wengi wetu hatutaiona Gander, lakini barabara zetu tunazijua mvua zinaposhika. Gari linakwama jioni, abiria wanashuka na matope hadi magotini. Yumo mama anayempeleka mtoto Haydom. Yumo mfanyabiashara kutoka Singida. Yumo kijana wa Kidatoga, na yumo Mhadzabe ambaye hakuna anayeielewa lugha yake. Katika vituo vyetu vingi, abiria wa namna hii anapokelewaje? Kuna anayeongeza nauli ya bodaboda mara mbili kwa sababu ni usiku. Kuna anayepandisha bei ya chumba kwa sababu mgeni hana pa kwenda. Wengine tunachungulia dirishani, tunafunga mlango, na kesho yake tunakwenda kuimba kanisani.

Najua jibu lako: "Siku hizi matapeli ni wengi." Ni kweli, na Mungu hajatuagiza tuwe wajinga. Ndiyo maana maoni yangu ni kwamba ukarimu usiachiwe mtu mmoja mwenye moyo laini. Uwe kazi ya usharika na ya kigango, kama ilivyo kwaya na ujenzi. Tutenge chumba kimoja, au hata kona ya jengo la kanisa, tuweke magodoro mawili, mablanketi, ndoo na sufuria. Namba ya simu ya mzee wa zamu ibandikwe mahali magari yanaposimama. Wanawake wapokelewe na wanawake. Mwenyekiti wa kitongoji aarifiwe usiku uleule. Mzigo ukibebwa na wengi, tapeli hana nafasi na mwenye shida hakosi pa kulala.

Watu wa Malta nao walikuwa na hofu. Nyoka alipomng'ang'ania Paulo mkononi, walisema bila shaka huyu ni muuaji. Walimdhania vibaya, lakini hawakumfukuza motoni. Naye Paulo hakukaa akingoja kuhudumiwa. Alikuwa ameokota kuni mwenyewe. Kisha Publio, mkubwa wa kisiwa, akawakaribisha siku tatu. Baba yake alikuwa kitandani, ana homa na anahara damu. Mfungwa yule aliyekaribishwa aliingia, akaomba, akamwekea mikono, na mzee akapona. Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nyumbani kwa Publio maneno hayo yalitimia kama yalivyo.

Ndugu msomaji, leo baada ya ibada, kabla hamjatawanyika, ulizaneni swali moja: gari likikwama usiku wa leo hapa kwetu, abiria asiye na ndugu atagonga mlango wa nani? Kama hakuna jina linalotajwa, msiondoke mpaka liwepo moja.

Jumapili njema, na Mungu akubariki.