Mkaguzi wa Mgodi ni Shahidi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake.

Ndugu zetu Waislamu, katika lugha yetu neno shahidi lina maana mbili. Shahidi ni yule atoaye ushahidi wa alichokiona; na shahidi ni yule aliyefikwa na mauti ambayo Mtume wetu ameyapa daraja, akiwamo aliyefukiwa na kifusi. Shahidi wa kwanza akisema uongo, huongezeka mashahidi wa pili.

Tarehe 13 Mei 2014, katika mji wa Soma, magharibi mwa Uturuki, moto ulizuka ndani ya mgodi wa makaa ya mawe, na watu 301 wakafariki. Wengi wao hawakuuawa na ndimi za moto, bali na hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Ndiyo hiyo inayoua familia zinazolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Wizara ya kazi ya nchi hiyo ilieleza kuwa mgodi ulikaguliwa mwezi Machi mwaka huo huo, wala haukuonekana na kasoro. Waziri Mkuu wa wakati huo, Recep Tayyip Erdoğan, alisema ajali za namna hiyo ni jambo la kawaida migodini.

Sisi tunaiamini kadari, kheri yake na shari yake. Lakini Mtume (S.A.W.) alimfundisha mtu amfunge ngamia wake kwanza, kisha atawakali. Kumfunga ngamia mgodini kunajulikana: feni zisukume hewa safi hadi kwa mchimbaji wa mwisho, gesi ya methani ipimwe kila zamu, kwani ikifikia kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, cheche moja yatosha kuilipua, na vumbi la makaa lifunikwe kwa unga wa mawe ya chokaa. Kazi ya mkaguzi ni kuteremka, kupima, na kuandika alichokipima.

Tutazame pia Marekani. Tarehe 5 Aprili 2010, mlipuko katika mgodi wa Upper Big Branch, jimbo la West Virginia, uliwaua wachimbaji 29. Uchunguzi ulidhihirisha kuwa mkaguzi alipofika getini, habari zilipelekwa chini kwa redio, na mambo yakatengenezwa kabla hajateremka. Tena kulikuwa na daftari mbili: ya kasoro za kweli kwa wakubwa, na nyingine ya kumwonyesha mkaguzi. Mwaka 2015 mkuu wa kampuni, Don Blankenship, alitiwa hatiani kwa kula njama ya kuvunja kanuni za usalama. Akahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja. Mwaka mmoja!

Surat An-Nisaa, aya ya 135, yatuamrisha tusimamie uadilifu na kutoa ushahidi wa haki, hata kama ni dhidi ya nafsi zetu. Basi mwenye mgodi anayeficha, na mkaguzi anayetia sahihi bila kuteremka, wote wamekhini amana ya roho za watu.

Kwa hiyo tunasema: ukaguzi uwe wa kushtukiza. Mkaguzi afuatane na mwakilishi wa wafanyakazi, haki iliyomo katika Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 176 wa mwaka 1995. Matokeo yabandikwe mlangoni mwa mgodi, kwa lugha wanayoisoma wachimbaji.

Nasi tunayo makaa ya mawe, Kiwira na Ngaka, na vijana wetu wengi wamo katika migodi ya kila aina. Mzazi, mwanao akirudi likizo, usimwulize mshahara tu. Mwulize: mkaguzi alikuja lini, na je, aliteremka?

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, na atujaalie kuwa mashahidi wa kweli. Amin.