Huu Nao Ni Muziki?



Wengi wenu mlikuwepo kwenye kikao chetu cha mwezi uliopita, ilipofika zamu yangu ya kuchagua muziki wakati tunasubiri pilau iive. Nikaunganisha simu na spika, nikaweka kitu ninachokipenda. Dakika ya nne tu, mtu akapaza sauti kutoka jikoni: "Jamani, hiyo spika imeharibika?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Kisha akaja mwingine, na huyu alikuwa hatanii: "Kaka, sisi ni jumuiya ya Waafrika. Huu nao ni muziki? Tena wa Kiafrika?" Nikazima. Tukarudi kwenye Bongo Fleva, pilau ikaliwa, maisha yakaendelea. Lakini lile swali limenikaa rohoni, na leo naomba nilijibu.

Kwanza, wale waliokuwa wanapiga ni Waafrika. Bendi yao iliitwa Blue Notes, vijana wa Afrika Kusini: Dudu Pukwana kwenye saksofoni, Mongezi Feza kwenye tarumbeta, Johnny Dyani kwenye besi, Louis Moholo kwenye dramu, na Chris McGregor kwenye piano. McGregor alikuwa Mzungu, wenzake weusi, na kwa sheria za ubaguzi za wakati ule bendi ya mchanganyiko namna hiyo ilikuwa ni kujitafutia balaa. Mwaka 1964 walialikwa kwenye tamasha la jazi la Antibes, Ufaransa, wakaondoka. Mwaka uliofuata wakafika London. Hawakujua kwamba wengi wao hawatarudi tena kuishi kwao.

Pili, tukubaliane kwamba neno "jazz" kwetu lina maana yake. Ukimwambia mzee wa Tanzania "jazz" atakutajia Morogoro Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz, yaani magitaa, tumba na watu kujimwaga uwanjani. Mimi ni mtu wa Tanga, nimelelewa na baba mkubwa aliyekuwa mpenzi wa Atomic Jazz kupita kiasi. Kwa hiyo nilipofika hapa Uingereza na kusikia watu wanapiga bila mdundo wa kuchezeka, bila kiitikio, bila wimbo ulioandikwa, nilisema hayo hayo mliyoyasema nyinyi. Siwalaumu.

Ila hebu tujiulize: kupiga muziki papo kwa papo ni kitu kigeni kwetu kweli? Nenda Zanzibar ukasikilize taarabu asilia. Kabla mwimbaji hajafungua mdomo, mpiga udi au kanuni anaweza kupiga taksimu peke yake: hana mdundo wa kumfunga, anatafuta njia humo humo, na wazee wanatikisa vichwa. Hakuna anayeuliza kama udi umeharibika. Au mpiga zumari wa pwani, anayevuta pumzi puani huku mashavu yanaendelea kupuliza, sauti isikatike. Evan Parker, Mwingereza mpiga saksofoni, anajulikana dunia nzima kwa ufundi wa namna hiyo hiyo. Sikiliza santuri yake ya mwaka 1978 iitwayo Monoceros halafu niambie kama hukumkumbuka mpiga zumari wa harusini.

Sasa msidhani mimi napenda kila kitu cha aina hii. Hapana. Kuna kelele nyingi zinazojificha nyuma ya neno "uhuru". Derek Bailey, mpiga gitaa maarufu kuliko wote katika muziki huu hapa Uingereza, alifariki Desemba 2005 na wenyeji wanamheshimu sana. Mimi nimejaribu mara tatu, nne, na bado nasikia mtu anapanga vijiko kwenye droo. Labda tatizo ni langu. Nimehudhuria pia maonyesho ambapo wapigaji wanne walikuwa jukwaani na kila mmoja yuko safarini kivyake. Hapo mimi hutoka nje nikanywe chai.

Kipimo changu ni kimoja tu: je, wanasikilizana? Kazi yangu ni uhandisi wa madaraja. Daraja lolote refu lazima tuliachie mwanya mahali fulani, kwa sababu chuma na zege hutanuka kwenye joto na kusinyaa kwenye baridi. Ukiliziba kabisa, litapasuka. Muziki huu ukiwa mzuri unafanya hivyo hivyo: mmoja anapotanuka, mwenzake anampa nafasi. Blue Notes walikuwa mabingwa wa jambo hili. Anayetaka kuanza polepole atafute Legacy, iliyorekodiwa Durban mwaka 1964 kabla hawajaondoka, ikatolewa mwaka 1995. Hiyo hata baba mkubwa angeicheza. Akitoka hapo asikilize bendi kubwa ya McGregor, Brotherhood of Breath, walivyopiga Willisau, Uswisi, mwaka 1973. Humo furaha na fujo zinakaa chumba kimoja.

Lakini niliyowawekea siku ile ni nyingine, na pengine kosa langu ni kuiweka wakati watu wana njaa. Inaitwa Blue Notes for Mongezi.

Mongezi Feza alifariki London tarehe 14 Desemba 1975, kwa nimonia. Alikuwa na miaka 30. Siku tisa baadaye wenzake wanne wakakusanyika, wakawasha mashine ya kurekodi, wakapiga. Hakuna orodha ya nyimbo. Ni vipande vinne virefu, kila kimoja kikijaza upande mzima wa santuri. Unasikia sauti zikiimba na kuita, unasikia dramu ikisita halafu ikirudi, na katikati ya mtafaruku wimbo wa nyumbani unachomoza kidogo kisha unazama. Yale ni matanga, ndugu zangu. Ni matanga ya watu walio mbali na kwao.

Nitasema la kwangu kwa ufupi. Baba mkubwa alifariki Januari iliyopita. Nilipigiwa simu saa kumi na moja alfajiri, na kwa kuwa sisi huzika mapema, jioni ile alikuwa keshazikwa. Nauli sikuwa nayo, na hata ningekuwa nayo nisingewahi. Nilikwenda maabara kama kawaida maana sikujua pa kwenda. Usiku ndiyo nikaiweka ile santuri, na kwa mara ya kwanza siku ile nikalia. Qur'ani nilisoma, dua niliomba, na hakuna santuri inayochukua nafasi ya hayo. Lakini nilihitaji pia kusikia wenzangu wakilia, na katika jengo zima lile sikuwa na mtu wa kumgongea mlango.

Najua mtu atasema: wale walikuwa wakimbizi wa siasa, wewe ni mwanafunzi mwenye tiketi ya kurudi. Ni kweli, na sithubutu kujilinganisha nao. Dyani alifariki mwaka 1986, McGregor na Pukwana wote mwaka 1990, wiki chache baada ya mwenzake. Ni Moholo peke yake aliyebaki na kurudi kuishi Afrika Kusini, mwaka 2005, akafia kwao mwaka 2025. Sisi tuna bahati. Ila baridi ya Desemba haiulizi mtu ana viza ya aina gani, na mimi pia nina miaka 30.

Kwa hiyo jibu langu kwa yule ndugu ni hili: ndiyo, huu nao ni muziki, tena ni wa kwetu, na umepigwa kwa ajili ya watu kama sisi. Si wa kuchezea, kama vile kilio si cha kuchezea. Jumuiya inayojua kucheza pamoja lakini haijui kuomboleza pamoja imekamilika nusu.

Napendekeza mawili. Moja, kikao kijacho, tukishashiba, tusikilize upande mmoja tu wa santuri ile, taa zikiwaka, simu zikiwa mfukoni. Asiyependa atoke, hatanunaniwa. Mbili, na hili ndilo kubwa: vyuo vikifungwa Desemba, kamati iandike majina ya wote wanaobaki mabwenini, na kila mmoja apangiwe mtu wa kumgongea mlango walau mara moja kwa wiki. Mimi nimeshajiandikisha. Na siku nikija kwako, usiogope, spika nitaiacha nyumbani.

Naomba kuwasilisha.