Elimu Nayo Hunyang'anywa Isipolindwa

Wengi wetu tumezoea kuziita filamu zote zitokazo Bara Hindi "sinema za Kihindi", kana kwamba nchi ile kubwa ina lugha moja tu. La hasha! Kitamil, lugha ya jimbo la Tamil Nadu huko kusini, si lahaja ya Kihindi wala si nduguye. Ni lugha ya jamii ya Kidravidi, na fasihi yake ina umri wa takriban miaka elfu mbili. Leo nataka kuijadili filamu moja ya lugha hiyo, kwani naamini inawahusu walimu na wanafunzi zaidi ya wapenzi wa mapigano.

Filamu yenyewe ni Asuran, iliyotoka Oktoba 2019 chini ya uelekezi wa Vetrimaaran. Chanzo chake ni riwaya ya Poomani iitwayo Vekkai, yaani joto, iliyochapishwa mwaka 1982. Sivasaami, anayeigizwa na Dhanush, ni mkulima mnyonge mwenye shamba la ekari tatu ambalo tajiri wa jirani analimezea mate. Mwanawe mkubwa anakataa kudhulumiwa, naye anauawa kinyama. Mdogo wa marehemu, mvulana mbichi kabisa, anamuua yule tajiri kulipiza kisasi. Baba na mwana wanakimbilia porini huku maadui wakiwaandama kwa mundu.

Mapokezi yake yalikuwa makubwa. Filamu ilichuma fedha nyingi, ikapata tuzo ya taifa ya filamu bora ya Kitamil, naye Dhanush akawa mmoja wa waigizaji wawili waliogawana tuzo ya mwigizaji bora. Mwaka 2021 ilitengenezwa upya kwa Kitelugu kwa jina la Narappa. Hapa mwanaisimu hana budi kusita kidogo. Asuran ni neno lenye maana ya zimwi, adui wa miungu katika ngano za Kihindu. Lakini miongoni mwa Watamil wamekuwako wanafikra waliodai kwamba mazimwi hao hawakuwa ila wenyeji wa kusini waliopakwa matope na washindi wao. Kumwita mkulima mnyonge zimwi, basi, ni kuuliza ni nani aliyetoa jina hilo, na kwa faida ya nani. Katika Narappa, lenye kubaki ni jina la mhusika tu. Swali hilo limefutika.

Je, kisasi hiki kina mizizi gani? Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Katika filamu hii tunaonyeshwa mali iliyopotea na daftari ikiwapo. Mwaka 1892 serikali ya Waingereza mjini Madras iliamua kuwagawia watu wa matabaka yaliyodharauliwa ardhi iliyoitwa panchami, kwa sharti kwamba isiuzwe kwa watu wa matabaka mengine. Hata hivyo sehemu kubwa ya ardhi hiyo iliishia mikononi mwa wengine. Filamu ilipotoka, suala hilo liligeuka papo hapo kuwa mzozo wa vyama vya siasa. M. K. Stalin, kiongozi wa upinzani wakati ule, aliisifu filamu. Mpinzani wake akadai kwamba ofisi ya gazeti la chama cha Stalin imejengwa juu ya ardhi ya panchami. Stalin alikanusha.

Aidha, kijiji kinachoteketezwa katika masimulizi ya ujana wa Sivasaami kinakumbusha Kilvenmani. Huko, usiku wa Desemba 25, 1968, watu 44 wa tabaka la Wadalit, wengi wao wanawake na watoto, walichomwa moto ndani ya kibanda wakati wa mgogoro wa ujira wa vibarua. Wenye mashamba waliohukumiwa kifungo waliachiliwa huru baadaye na Mahakama Kuu. Mtu akiyajua hayo hatauona mundu wa Sivasaami kuwa mchezo. Pale sheria inaponyamaza, chuma husema.

Hata hivyo, filamu haimalizikii kwenye mundu. Sivasaami anapokwenda mahakamani kuubeba mzigo wa mwanawe, anamwusia kwamba ardhi na fedha zinaweza kunyang'anywa, ila elimu haiwezi. Asome, apate mamlaka, na akisha kuyapata asiwatendee wengine kama walivyotendewa wao. Wasia huu umenukuliwa sana. Nami naupenda, lakini nathubutu kusema kwamba haujakamilika.

Agosti 2023, huko Nanguneri katika wilaya ya Tirunelveli, kusini mwa jimbo hilohilo, mwanafunzi wa Kidalit aliyelalamikia uonevu shuleni alivamiwa nyumbani usiku na vijana wa shule yake, wakamkatakata kwa mundu. Dada yake aliyejaribu kumwokoa alijeruhiwa pia. Serikali ilimteua jaji mstaafu K. Chandru kuchunguza chuki za matabaka shuleni. Katika ripoti yake ya Juni 2024 alipendekeza, pamoja na mengine, kupigwa marufuku vikuku vya rangi ambavyo wanafunzi huvaa kutambulishana tabaka, na kuondolewa kwa majina ya matabaka katika majina ya shule.

Msomaji mpenzi, zingatia kwamba washambulizi wale nao walikuwa wanafunzi. Walikaa katika madarasa yaleyale wakafundishwa na walimu walewale. Kwa hiyo elimu iliyokwisha kuingia kichwani haiporwi, ni kweli. Lakini njia ya kwendea shule huzibwa, dawati hugeuzwa mahali pa hofu, na mtoto akaacha masomo pasipo mtu kumpokonya kitabu. Mwalimu anayeona vikuku akanyamaza, au anayesikia mtoto akiitwa kwa jina la kumdhalilisha akaendelea na somo, ameliacha shamba bila ua.

Yule kijana wa Nanguneri alipona, na mwaka 2024 akafaulu mtihani wake wa mwisho wa sekondari. Tumsifu kwa ushujaa wake. Lakini haifai nchi yoyote kudai ushujaa wa namna hiyo kutoka kwa mtoto ili apate kusoma. Sivasaami alimwachia mwanawe wasia. Kuulinda ni kazi ya walimu.